Mbwa wa ulinzi Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mbegu, uzalishaji na ukali

Kibao cha MBWA KALI kimepigiliwa kwenye malango mengi ya Kampala, hata kwa nyumba ambazo mbwa wake hulala mchana kutwa chini ya gari. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wanaotaka kununua mbwa, na waliokwisha kununua wakajuta, na majirani wa hao wote wawili. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Mbegu gani ndiyo kali kuliko zote?

Hilo ndilo swali la kwanza la kila mwenye nyumba mpya vitongoji vya Najjera au Kira, na jibu linategemea unahesabu nini. Ukihesabu mbwa mwepesi kunguruma na kung'ata, wadogo wako mbele. Watafiti wa Finland walichapisha mwaka 2021 matokeo yaliyotokana na mbwa wapatao 9,000. Wadogo walionyesha ukali kwa binadamu kuliko wakubwa, madume kuliko majike, wazee kuliko vijana, na waoga kuliko wenye kujiamini. Juu kabisa ya orodha ya mbegu hakukaa Rottweiler. Alikaa Collie wa manyoya marefu, mchunga kondoo ambaye dunia nzima humsifia upole.

Ukihesabu madhara, mambo yanageuka. Kimbwa cha kilo nne kikikudaka kisigino utatukana, utanawa na kwenda kuchanjwa (ndiyo, lazima uchanjwe, tutafika huko). Boerboel, mbwa mkubwa wa asili ya Afrika Kusini, dume anayepita kilo 60, akikudaka mara moja tu, utapelekwa hospitali ya Mulago na watu wawili wamekushika. Sifa ya ukali, kama inavyosimuliwa mtaani, imechanganya mambo hayo mawili: uwezekano wa mbwa kuuma, na ukubwa wa jeraha akiuma. Jina la mbegu hukueleza mengi kuhusu la pili. Kuhusu la kwanza hukueleza machache sana.

Kwa hiyo mbegu si kitu, ni malezi tu?

Anayekwambia hivyo anakupa nusu ya ukweli. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitry Belyaev alianzisha huko Siberia kazi ya kuzalisha mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya. Kila kizazi alichagua wazazi kwa kigezo kimoja: nani hamwogopi wala hamrukii mtu. Baada ya vizazi vichache tu, watoto wakawa wanatikisa mikia na kulamba mikono ya wahudumu. Baadaye wenzake wakazalisha pia ukoo wa pili, safari hii wakichagua wakali. Watoto wa ukoo huo walibaki wakali hata waliponyonyeshwa na kulelewa na majike wapole.

Mbweha hao wote walikuwa wa mbegu moja. Mtu asiyewajua angewaona ni wale wale. Hapo ndipo penye somo kwa mnunuzi wa Kampala: tabia inarithiwa kweli, lakini inarithiwa kutoka kwa baba na mama unaoweza kwenda kuwatazama. Utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2022 katika jarida la *Science*, ulikusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani. Ukaonyesha kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo ukitaja "German Shepherd" umetaja umbo, ukubwa, kiasi cha manyoya yatakayojaa sebuleni, na sehemu ndogo ya tabia. Iliyobaki itabidi uitafute mwenyewe.

Basi sifa za hawa mbwa wa Kijerumani zilitoka wapi?

Kazini. German Shepherd aliundwa na afisa wa farasi, Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbegu hiyo mwaka 1899, na kazi ya awali ilikuwa kondoo. Rottweiler ana jina la mji wa Rottweil, ambako alikuwa mbwa wa wachinjaji, akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Doberman ndiye hasa aliyetengenezwa kwa ajili ya kumlinda mtu. Louis Dobermann wa Apolda alikuwa mkusanya kodi, na mkusanya kodi ana sababu nzuri ya kutembea na mbwa.

Kisha majeshi na polisi wa Ulaya wakawachukua, na huku kwetu wengi tuliwajua kwa mara ya kwanza wakiwa mkononi mwa askari. Picha hiyo haijafutika. Tulichokiona ni mbwa akimrukia mtu. Hatukuona miezi ya mafunzo iliyotangulia, ambayo nusu yake ni kumfundisha mbwa kuachia anapoambiwa aachie. Unayemnunua kando ya barabara ana sura ya yule wa polisi, mafunzo hana.

Pitbull je? Ni kweli taya zake hujifunga?

Si kweli. Taya zake ni kama za mbwa wengine, hazina kufuli lolote. Ana nguvu na ana ung'ang'anizi, basi. Asili yake ni mbwa wa Uingereza waliopiganishwa na fahali, na mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1835, watu wakahamia kuwapiganisha wao kwa wao. Walichaguliwa wasiokata tamaa mbele ya mbwa mwenzao, na urithi huo bado unaonekana kwa baadhi yao. Ndiyo maana mwenye pitbull afikirie sana kabla ya kufuga dume la pili ndani ya ukuta mmoja.

Mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la mtaa) anataka mbegu fulani zikatazwe mtaani. Itasaidia?

Nchi nyingine zimejaribu. Uingereza ilipiga marufuku mbegu nne kwa sheria ya mwaka 1991: pitbull, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Zaidi ya miaka 30 baadaye ikalazimika kuongeza ya tano, XL Bully. Waliotaka mbwa wa kutisha walikuwa wamehamia tu kwa mwingine ambaye hakuwa kwenye orodha. Uholanzi ilikuwa na katazo la pitbull tangu 1993, ikaliondoa mwaka 2008. Mji wa Denver, Marekani, ulikaa na katazo tangu 1989, na wapiga kura wakalifuta mwaka 2020.

Hapa kwetu kuna tatizo jingine kabla ya hayo: nani atasema mbwa huyu ni mbegu gani? Wengi wa "Rottweiler" wa Kampala ni chotara wa rangi nyeusi na kahawia. Ningekuwa mwenyekiti huyo, ningeanza na mageti yasiyofungika na mbwa wasiochanjwa. Hayo hayahitaji mtaalamu wa kutambua damu.

Mbwa wa kienyeji anafaa kulinda, au ni mwoga?

Anafaa, na watu wengi wa mjini wanamdharau bila kumjua. Usiku anasikia kila kitu, anabweka mapema, anakula posho (ugali) na mukene (dagaa), na kupe hawamwangushi upesi kama wanavyomwangusha mgeni wa damu safi. Kwa nyumba ya kawaida, kazi ya ulinzi ni kelele kwa wakati unaofaa. Mwizi anataka kimya. Mbwa mmoja anayebweka saa nane usiku ameshamharibia kazi hata kama hajawahi kumng'ata mtu maishani mwake.

Kuhusu upole wake, nenda Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko Francis Okello Oloya, ambaye alipoteza macho akiwa mtoto kwa mlipuko wa bomu wakati wa vita, alianzisha mradi wa Comfort Dog. Unawaunganisha manusura wa vita vya kaskazini na mbwa, wanafundishwa pamoja, na mbwa anakuwa mwenzi wa mtu anayeota ndoto mbaya na kuogopa watu. Mbwa hao si Labrador wa kuletwa kwa ndege. Ni wa kienyeji, wengine waliookotwa wakiwa wametupwa, wale wale wanaopigwa mawe kwenye vituo vya biashara.

Na wakali wapo pia miongoni mwao. Mbwa aliyekua akipigwa mawe ana kila sababu ya kumshuku binadamu aliyeinama chini.

Nikienda kununua mtoto wa mbwa nitazame nini?

Mama yake. Ukiambiwa mama yuko Mukono, au amesafiri, au amefungiwa nyuma kwa sababu "leo hajisikii vizuri", shika njia urudi nyumbani. Jike anayewakubali wageni mwenye mbwa akiwapo, akanusa, akarudi kulala, amekupa habari kuliko cheti chochote. Jike anayetetemeka kwenye kona, mkia umebanwa tumboni, akikukenulia meno ukisogea, ana uwezekano mkubwa wa kuwa amekwisha kuwapa watoto wake woga huo, kwa damu na kwa mfano. Hasira ya mama mwenye watoto wa siku chache ni jambo jingine. Rudi baada ya wiki kadhaa umtazame tena.

Uliza umri. Mtoto asiondolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Wanaouzwa wakiwa na wiki 5, kwenye maboksi kando ya barabara, wamekosa wiki ambazo ndugu zao wangewafundisha kuuma polepole. Mtoto akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huisha. Aliyekosa somo hilo atakuja kulifanyia mazoezi kwenye mikono ya wanao.

Uliza amekulia wapi. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14, ubongo wa mtoto wa mbwa unaandika orodha ya vitu vya kawaida duniani: watoto wanaokimbia, mwavuli, boda, mwanamume mwenye kofia ya askari, mwanamke aliyebeba ndoo kichwani. Watafiti wa Bar Harbor, Marekani, waliwafuga watoto wa mbwa bila kukutana na watu hadi wiki ya 14, na baada ya hapo ilikuwa taabu kubwa kuwazoesha. Walikuwa kama wanyama wa porini. Sasa fikiria desturi yetu ya kumficha mtoto kwenye kibanda chenye giza "asizoee watu, awe mkali". Kinachopatikana ni mbwa mwoga mwenye meno. Hatamchagua mwizi. Atamng'ata shangazi aliyekuja na ndizi kutoka Masaka.

Daktari atakuonya kuhusu ugonjwa wa parvo kwa mtoto ambaye hajamaliza chanjo, na ana haki. Mbebe mikononi. Mpeleke stendi, mpeleke dukani, aone na asikie, ila usimweke chini mahali mbwa wengine wanapojisaidia.

Vyeti nimeviacha mwisho kwa makusudi. Klabu ya mbwa ya Afrika Mashariki, iliyoko Nairobi, husajili nasaba, na karatasi ya kweli ina thamani: inakuonyesha mababu. Karatasi iliyochapwa kwenye duka la kutoa nakala, yenye muhuri wa nyota, inakuonyesha kwamba muuzaji ana rafiki mwenye printa.

Muuzaji ananiambia baba na mama ni ndugu wa tumbo moja, "damu haijachanganyika". Ni jambo jema?

Ni jambo la kukukimbiza. Kaka na dada wakizaa, mtoto ana wastani wa asilimia 25 ya jeni zake ambazo nakala zote mbili zimetoka kwa babu au bibi yule yule. Kwa ndugu wa mzazi mmoja ni 12.5, kwa mabinamu 6.25. Kasoro iliyokuwa imejificha kwenye nakala moja sasa inapata mwenziwe na kujitokeza: uzao mdogo, kinga hafifu, nyonga mbovu. German Shepherd wanajulikana sana kwa ugonjwa wa nyonga, na mbwa mwenye maumivu ya kudumu huuma akiguswa. Kwa hiyo hata swali la nyonga ni swali la ukali.

Uganda dume mmoja mwenye jina huzungushwa kwa majike wengi wa mji mmoja, kwa ada, au mwenye dume akachukua mtoto mmoja wa kwanza. Baada ya miaka michache, watoto na wajukuu wake wanapandishwa wao kwa wao bila mtu kujua, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Daftari la shilingi elfu moja lingetatua nusu ya tatizo hili.

Nataka kumpandishia jike wangu dume mkali kuliko wote mtaani. Watoto watanunulika haraka.

Watanunulika, na hilo ndilo linalotia wasiwasi. Jiulize kwanza dume huyo ni mkali kwa namna gani. Kuna mbwa anayesimama imara, anatazama, anabweka, na mwenyewe akisema "acha", anaacha. Kuna mwingine anayeruka ruka kwenye uzio, nywele za mgongo zimesimama, mkia chini, akimng'ata yeyote anayempa kisogo. Wapita njia huwaita wote wawili wakali. Wa kwanza ana kujiamini. Wa pili ana hofu, na hofu ni miongoni mwa tabia zinazorithiwa kwa urahisi. Soko letu linamlipa zaidi wa pili kwa sababu anatisha zaidi akiwa nyuma ya geti.

Jike asipandishwe kwenye joto lake la kwanza, wala kila joto linapokuja. Hupata joto takriban kila baada ya miezi sita hadi saba, mimba huchukua siku 63 hivi, na mwili unahitaji kupumzika. Jike aliyechoka, aliyekonda mbavu zinahesabika, hulea watoto wenye wasiwasi.

Pilipili, nyigu, bangi, nyama mbichi: kipi humfanya mbwa awe mkali?

Hakuna. Pilipili humuumiza tumbo, nyigu humvimbisha koo, bangi humtia sumu. Nyama mbichi humpa minyoo ikiwa haijakaguliwa.

Kumfunga mnyororo mchana na kumfungua usiku kunadhuru?

Kunadhuru, na hili ni kosa la kawaida kuliko yote. Utafiti uliofanywa Denver na kuchapishwa mwaka 1994 uliwalinganisha mbwa waliouma na wasiouma. Waliouma walikuwa zaidi madume, wasiohasiwa, na wanaofungwa mnyororo uani. (German Shepherd na Chow Chow nao walijitokeza zaidi kati ya waliouma, sisemi mbegu haihesabiki.) Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anachokiogopa, kwa hiyo anabaki na njia moja, meno. Watoto wa jirani wanajua urefu wa mnyororo na wanasimama hatua moja nje yake wakimtania. Siku mnyororo ukikatika, usishangae anaelekea upande gani.

Uzio mdogo wenye kivuli na maji unamfaa zaidi. Kama huna pa kuweka uzio, waya mrefu uliotandazwa kutoka mti hadi mti, na kamba inayoteleza juu yake, ni afadhali kuliko mti mmoja na mita mbili za chuma.

Kuhasi kunapunguza ukali?

Kunapunguza uzururaji na ugomvi wa madume wanaogombea jike. Kuhusu ukali kwa watu, usitegemee sana, na kwa mbwa mwoga wakati mwingine hali huzidi. Faida kubwa ni kwamba hatazaa watoto wasio na mwenyewe.

Mume wangu anataka Rottweiler, na mtoto wetu ana miaka miwili. Nimkatalie?

Mama, mbegu isiwe hoja yako ya kwanza. Muulize baba watoto ni nani atakayekuwa na mtoto na mbwa wakiwa pamoja. Jibu likiwa "dada wa kazi", na dada mwenyewe anamwogopa mbwa, mkatalie. Mtoto wa miaka miwili anavuta masikio, anaanguka juu ya mbwa aliyelala, anachukua mfupa mdomoni. Usimwache peke yake na mbwa yeyote, wa kilo tano wala wa hamsini, hata kwa dakika ya kwenda kuchukua simu. Na usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Ukimfunza asionye, siku nyingine ataanza moja kwa moja na kuuma.

Mbwa wangu amemng'ata mtu wa boda. Nifanye nini?

Kwanza jeraha. Lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, si kumwagia tu chupa ya maji. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama umemchanja mbwa, na cheti cha chanjo ukibebe. Sindano za kuzuia kichaa cha mbwa hutolewa kwa awamu, na kila awamu ina siku yake. Mtu asikatishe kwa kuwa kidonda kimepona. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, na karibu wagonjwa wote duniani waliupata kwa mbwa. Majani, jiwe la kunyonya sumu na kahawa ya unga juu ya kidonda vinapoteza muda tu.

Usimuue mbwa papo hapo. Mfungie, mwite daktari wa mifugo wa wilaya, atazamwe kwa siku 10. Akiwa mzima siku hizo zikiisha, hakuwa akitoa virusi kwenye mate alipouma. Kusubiri huko kusimcheleweshe mgonjwa kuanza sindano.

Kuhusu sheria: Kanuni ya Adhabu ya Uganda inamtia hatiani anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake. Haitaji mbegu. Kibao cha MBWA KALI hakikuokoi. Wakili wa upande wa pili anaweza kukitumia kuonyesha kwamba ulijua. Lipa gharama za hospitali mapema, mbele ya mwenyekiti wa LC1, na muandikiane.

Mbwa wangu wa miaka saba alikuwa mpole. Wiki hii amewakenulia meno watoto mara mbili.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujamwita mtu wa kumfundisha, na kabla hujampa askari wa jirani. Mbwa hageuki tabia ghafla bila sababu. Jino lililooza, sikio lenye usaha, nyonga, macho yanayofifia, kupe waliomletea homa: vyote hivyo hujitokeza kwanza kama hasira. Kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepitwa na mwaka, au anatoa mate mengi, anashindwa kumeza au anatangatanga bila kuwatambua watu wa nyumbani, usimshike kwa mikono. Mfungie alipo, waondoe watoto, piga simu.